Bata Mzinga Aliyejibu Kikohozi

Baba alikohoa miaka miwili kabla ya kufa. Kilikuwa kikohozi cha namna yake. Vilianza viwili vifupi, kama mtu anayegonga mlango kwa goti, kisha kimoja kirefu kilichotoka chini kabisa kikiburuta kitu. Tukiwa mezani tulinyamaza mpaka kipite. Na kila kilipokwisha, bata mzinga dume aliyekuwa uani alijibu.

Asiyefuga ndege hawa anaweza kudhani nimeongeza chumvi. Dume la bata mzinga hujibu sauti yoyote ya ghafla: mlango ukijibamiza, radi ikipiga, lori likifunga breki barabarani. Hunyoosha shingo, hulia gulugulugulu mpaka ngozi ile nyekundu ya koo itikisike, kisha husimama kimya kana kwamba si yeye. Mimi hufundisha wakulima ufugaji wa kuku na bata huko Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, na jambo hilo nimelieleza mara nyingi, watu wakicheka. Nyumbani kwetu, upande wa Endebess, halikumchekesha mtu. Baba alikohoa, ndege akajibu, Mama akafunga macho.

Hospitali huko Kitale walipogundua kuwa ni kifua kikuu, pafu moja lilikuwa limeshakwisha. Sote tulipimwa, tukaonekana wazima. Mtu mmoja tu hakupimwa: mchungaji wetu wa ng'ombe, aliyeishi nasi tangu mimi niko darasa la pili na ambaye sisi watoto tulimwita mjomba. Kaka yangu alikuwa amemwachisha kazi wiki ileile Baba alipolazwa, akisema ng'ombe wamebaki wawili na Mama anaweza kuwaangalia. Mjomba aliondoka bila kuaga. Tulisikia amerudi kwao, juu mlimani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku ya mazishi watu walijaa boma zima. Majike ya bata mzinga yalichinjwa kulisha waombolezaji. Dume aliruka ua, akavuka shamba la mahindi, akatokomea upande wa chini, penye kijito na nyumba ya zamani ya pampu. Hakurudi.

Miezi saba baadaye Mama alinipigia simu asubuhi, nikiwa nawawekea vifaranga maji.

"Mama," akasema. Mama yangu huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, nami namwita mama, kwa hiyo simu zetu mtu wa nje hawezi kuzifuata. "Mama, yule ndege anajibu."

"Ndege gani?"

"Wa baba yako. Yuko kule chini kwa pampu. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, anajibu. Mara tatu, mara nne."

"Si hao hujibu kitu chochote, Mama. Pengine ni trekta ya jirani."

"Mimi najua trekta." Masikio yake yamepungua nguvu siku hizi. Akasema polepole, "Namsikia anajibu, lakini simsikii mwenye kuuliza."

Nilisimama na ndoo mkononi. Vifaranga walinizunguka miguu.

"Kuja na bunduki ya baba yako," akasema, na simu ikakatika.

Bunduki hiyo inataka maelezo kidogo. Ni shotigani, ile ya kurusha marisau, chembe ndogo nyingi za risasi kwa mpigo mmoja. Baba aliimiliki kwa kibali, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga hewani kutishia nyani waliokuja kula mahindi. Kaka alikuwa akiogopa kishindo chake tangu utotoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyefundishwa kuishika. Baba alipokufa, polisi waliichukua kama sheria inavyotaka. Nilizunguka ofisi hadi ofisi nikiomba kibali kwa jina langu, na kila ofisi iliniuliza ni mwanamume gani hasa atakayeitumia. Mwishowe nilikipata. Bunduki ilikaa kwangu Bungoma ndani ya kasha la chuma lililopigiliwa ukutani, na sikuwa nimewahi kuipiga tangu azikwe mwenyewe.

Pamoja nayo nilipewa mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na choki tatu za Baba, zimefungwa kwa kitambaa chenye harufu ya mafuta. Choki ni kipande cha bomba la chuma, kirefu kama kidole, kinachoskrubiwa kwenye mdomo wa mtutu. Kazi yake ni kubana. Ukitumia iliyo wazi, chembe hutawanyika mapema, kama mtu anayerusha mbegu za wimbi shambani kwa mkono. Ukitumia inayobana, huenda mbali zikiwa zimeshikana. Kwenye ukingo zimekatwa alama ndogo: ya alama moja ndiyo inayobana kuliko zote, ya alama nne ndiyo iliyo wazi, ya alama tatu iko kati. Baba alinifundisha kuzisoma kwa ukucha, bila kutazama. "Macho yawe kwa shamba," alikuwa akisema.

Jumamosi iliyofuata nilipakia bunduki na mkebe kwenye pikapu yangu, nikapitia Chwele na Kimilili, nikafika Kitale saa tano, na saa sita nikawa nyumbani. Chifu nilikuwa nimemwarifu kwa simu, na majirani nikawapitia mmoja mmoja ili mlio usiwashtue. Yule bata mzinga ni mali yetu, tena yuko ndani ya shamba letu, kwa hiyo sikuwa navunja sheria ya mtu. Hata hivyo jirani wa mwisho, mama mzee anayeuza maziwa, alinishika mkono langoni.

"Mnaenda kumpiga yule?"

"Mama amechoka naye."

"Mpigeni tu mkiwa mmemwona," akasema. "Mimi hupita kule chini alfajiri nikipeleka maziwa. Siku hizi napita juu." Nilimwuliza kwa nini. Akaniachia mkono, akasema ng'ombe wake wanamngoja.

Mahindi yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa marundo marundo yakauke, kama tunavyofanya huku. Nilichagua sehemu wazi nyuma ya nyumba yenye ukingo mrefu wa udongo, nikapasua mifuko ya saruji, nikaigeuza upande safi, nikachora kwa makaa kichwa na shingo ya bata mzinga kwa ukubwa wake halisi. Nilichora mara sita. Mama alitoa kiti chake nje, akaniangalia kwa nyuma kama anavyoangalia mafundi.

Nilikuwa nimeamua kwamba sitamjeruhi ndege. Huwaambia wakulima wangu kila mwaka: mnyama wa kuchinjwa afe mara moja, asiende na maumivu vichakani. Bata mzinga ana mwili mkubwa wenye manyoya yanayokinga kama blanketi. Ukimpiga mwilini ataruka na risasi zake, aoze akiwa hai. Anapigwa kichwani na shingoni tu, na shingo yake ni nyembamba kama mpini wa jembe. Ndiyo maana choki haikuwa jambo dogo.

Nilianza na ya alama nne, hatua thelathini. Kishindo kikazunguka shamba, mbwa wa majirani wakalipuka. Tukaenda na Mama kutazama. Karatasi nzima ilikuwa imetoboka huku na huku kama chekecheke, lakini kwenye shingo niliyochora palikuwa na tundu mbili, na kichwani hakuna.

Mama akapitisha kidole. "Huyu hafi," akasema. "Huyu anateseka."

Ya alama tatu iliweka tundu sita shingoni, mbili kichwani. Mama aliguna. Ya alama moja ilipopiga, hatukuhitaji kuhesabu: shingo haikuwepo. Palikuwa na shimo lenye kingo zilizochanika, na nyuma yake udongo mwekundu.

"Hiyo," akasema Mama.

"Ngoja kwanza." Nikarudia na ileile, safari hii hatua kumi na mbili. Shimo likawa dogo kama ngumi ya mtoto, na lilipita kando ya shingo, kwa sababu kwa karibu hivyo chembe hazijapata nafasi ya kutawanyika hata kidogo na mkono ukitikisika kidogo tu umekosa. Nilimweleza Mama: ikiwa atakuja karibu, ya alama tatu ni afadhali. Ikiwa atabaki mbali, ni ya alama moja.

"Haji karibu na mtu," akasema. "Kaka yako alijaribu kumtega na mahindi wiki mbili. Mbwa pia hawamwezi. Ukifika pale kwa mti anapanda juu."

Basi nikasafisha mtutu, nikaskrubu ya alama moja, nikaikaza.

Kabla ya jua kuzama tulishuka wote wawili kuona mahali. Anapolala ndege palikuwa wazi: blugamu kubwa, ule mkaratusi wa zamani, ukingoni mwa kijito, chini yake kinyesi na manyoya meusi yenye kung'aa kama mafuta juu ya maji. Nyumba ya pampu ilikuwa ng'ambo, imefunikwa na magugu hadi dirishani. Pampu yenyewe iling'olewa zamani.

Kando ya mti palikuwa na jiwe bapa. Juu yake palikuwa na punje za mahindi. Hazikumwagwa, zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, kama watu hupanga mbegu wakitaka kuzihesabu.

"Ni kaka ndiye aliweka?"

"Kaka yako aliacha kuja tangu mwezi uliopita," akasema Mama. "Na mimi siji huku, mama. Unajua magoti yangu."

Niliokota punje moja. Ilikuwa kavu na safi. Umande wa jana ungekuwa umeivimbisha. Niliirudisha mahali pake kwenye mstari, sijui kwa nini, na tukapanda kurudi nyumbani. Juu kwenye blugamu hapakuwa na ndege yeyote bado.

Niliamka saa kumi na moja. Mama alikuwa ameshaamka, ameketi jikoni na shali yake, hajawasha moto. Nilivaa koti jeusi, nikajifunga kitambaa cha kijivu kichwani. Baba alikuwa ametufundisha kwamba anayekwenda kumpiga bata mzinga asivae kitu chekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi ya kichwa anachotafuta mwenye bunduki.

Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani na kulala shambani. Taa ya simu haikusaidia, ilitengeneza ukuta mweupe tu, nikaizima. Nilitembea kwa kukumbuka mistari ya mahindi chini ya viatu. Marundo ya mabua yalitokea moja moja, ghafla, yakiwa na mabega na vichwa, kama watu waliojifunika blanketi wakingoja kitu, na kila nilipopita moja nililazimika kujizuia nisigeuke kulitazama tena. Nilipohesabu ishirini na tatu nilijua niko karibu na kijito. Nikaketi, mgongo kwenye rundo, bunduki magotini, kidole nje ya kifyatulio.

Kukaanza kupambazuka. Sisemi kulikuwa na mwanga. Weusi uligeuka kijivu, na kijivu kile hakikuwa na kina. Nilikadiria naona hatua ishirini. Hapo ndipo nilipojua nimekosea kuhusu choki, maana chochote kitakachotokea kitatokea kwa karibu. Lakini kuibadilisha sasa kungetoa mlio wa chuma. Nikaiacha.

Ndege hakulia. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Nilitaka kujua yuko upande gani tu, yuko juu ya mti ama ameshuka. Mtu angeweza kupiga makofi. Mimi nilifanya kitu kilichokuja chenyewe, kitu nilichokuwa nikifanya nikiwa msichana kumwigiza Baba hata alipokuwa na homa za kawaida, mpaka siku moja Mama akanizaba kofi. Nilikohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Gulugulugulu, akajibu, juu kushoto.

Kisha, mbele yangu, ng'ambo ya kijito, mtu akakohoa. Viwili vifupi. Kimoja kirefu, kikiburuta.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichohisi, na watu husema uliogopa. Hapana, woga ulikuja baadaye. Kwanza mwili wangu ulitulia, kama ulivyokuwa ukitulia mezani, ukingoja kipite. Ulikitambua kikohozi kabla yangu. Na ndege akakijibu vilevile.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikakohoa tena. Sijui nilitaka nini.

Hakujibu tena kwa sauti. Nilisikia maji yakikanyagwa, hatua nzito za mtu anayevuka bila haraka. Kisha mabua yakikwaruzwa. Kisha hakuna. Ndege naye alikuwa ameruka kutoka mtini. Nilisikia mabawa yake yakipiga na uzito wake ukitua mahali fulani kati yetu. Nikainua bunduki na kuikandamiza begani. Sasa ningesema nilikuwa namlenga ndege, lakini kwa kweli nililenga ule upande zilikotoka sauti zote mbili.

Kati ya marundo mawili kikatokea chekundu. Chini, kimo cha goti langu, kikisogea kidogo, kikisimama, kikisogea. Kichwa cha bata mzinga hufanya hivyo hasa anapokuja kuangalia. Nilisukuma kizuizi cha usalama kwa kidole gumba. Kilitoa mlio mdogo.

"Usipige rangi, usipige sauti," Baba alikuwa akiniambia kila tulipotoka. "Mpaka uone jicho." Nikangoja jicho. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na bado hadi leo najua uzito wake ulivyokuwa.

Chekundu kikapanda juu. Kikapanda kupita kimo cha ndege, kupita kimo cha mtoto, na chini yake pakawa na uso. Ilikuwa kofia ya sufu. Mtu alikuwa ameinama akishika magoti kutafuta pumzi, na sasa alikuwa amesimama wima, amevaa koti la kijani la Baba, lile lenye kiraka cha ngozi begani, ambalo tangu mazishi tulidhani kaka amelichukua.

"Mzee?" akasema. Sauti yenyewe ilikuwa pumzi tupu. "Mzee, nimekuja. Nimesikia ukiniita."

Nilishusha mtutu ardhini. Nilifungua bunduki, nikatoa risasi, ikaniponyoka na kupotea kwenye mabua.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi, mjomba."

Alinitazama muda mrefu. Nilijua anachokifanya, kwa sababu nami nilikuwa nikikifanya: alikuwa akinitoa polepole kwenye umbo la mtu mwingine. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwangu, akaketi chini pale pale, nami nikaketi, hatua kumi na tano baina yetu. Bata mzinga alipita katikati yetu, kichwa juu, akaenda zake kwenye jiwe.

"Ulikuwa unataka kupiga huyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Huyo hana makosa, bana." Akakohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti, na nikaona doa.

Niliyajua yote kabla hajaeleza, lakini nilimwacha aeleze. Hakuwa amekwenda mlimani. Ndugu aliowaacha kule walikuwa wamekufa au wameuza. Baba mwenyewe, siku mbili kabla ya kwenda hospitali, alivua koti lake akampa, akamwambia asiwaache ndege. Mjomba akajificha nyumba ya pampu, akila viazi vya kuchimba na mahindi yaliyosahaulika shambani, akiwasha moto usiku tu. Kikohozi kilikuwa kimeanza zamani, wakati wa kulala na Baba kwenye ghala kulinda mahindi, wawili ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alikipata chote, pamoja na mwendo wake. Alfajiri kilipombana, ndege alimjibu, na yeye alifurahi kwamba kuna anayemjibu.

"Leo nikasikia kingine," akasema. "Nikasema, sasa amekuja."

Nilifungua kitambaa kichwani nikakifunga mdomoni na puani. Nilimwambia twende nyumbani. Akasema kaka yako atakasirika. Nikamwambia kaka nitaongea naye mimi.

Tulipanda shamba polepole, yeye mbele, mimi nyuma na bunduki iliyofunguliwa mkononi. Ndivyo Mama alivyotuona kutoka barazani: koti la kijani likitoka kwenye ukungu, likiinama kila hatua chache. Alisimama. Kikombe kilimwanguka. Aliita jina la Baba, si kwa kulia, bali kama mtu anayemwuliza mumewe mbona amechelewa.

"Mama, ni mjomba," nikapaza sauti. "Ni mchungaji!"

Alishika nguzo ya baraza. Mjomba alivua kofia, akasimama uani, haji mbele. Walitazamana. Kisha Mama akashuka ngazi na magoti yake mabovu, akamwangalia uso, akaangalia koti, akanyoosha kola iliyokuwa imekunjika.

"Umekonda," akasema. "Kaa hapo juani. Naweka chai."

Kaka alifika kabla ya saa nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini alipomwona mtu aliyembeba mgongoni utotoni ameketi kwenye gunia, mikono kama vijiti, alirudi kwenye gari lake akakaa na mlango wazi, uso kwenye usukani. Baadaye alifungua madirisha yote manne, akamwambia mjomba aingie nyuma, wakaenda Kitale. Makohozi yalipimwa, yakaonyesha tulilojua. Dawa ni miezi sita. Sisi sote tulipimwa upya, hata mama wa maziwa, na hatukupatikana nayo.

Jioni ya siku ile, walipokuwa bado hospitalini, nilikwenda nyuma ya nyumba kutoa karatasi zangu. Kofia nyekundu ilikuwa imeachwa barazani. Niliichukua, nikaiweka juu ya karatasi ya hatua kumi na mbili, kwenye lile shimo dogo. Shimo lote liliingia ndani ya kofia bila kugusa ukingo wake. Nilikuwa nimepima mara nne, kwa uangalifu wote, ili kisiteseke kitu chochote. Nilichoma karatasi zote, na kofia nikaichoma pia, nikamnunulia nyingine ya kijani mjini. Bunduki bado iko Bungoma kwenye kasha lake. Mtutuni haina choki yoyote.

Mjomba alirudi kukaa kwetu, kwenye chumba ambacho kaka alikitoboa dirisha la pili. Mama humpa dawa kila asubuhi akimtazama mpaka ameze. Mwezi wa pili kikohozi kilipungua, wa tatu kikaisha. Bata mzinga yuko zizini. Mjomba mwenyewe alimfuata akamleta kwapani kama gogo. Mama hajataka achinjwe, wala hamtazami.

Mwezi wa nne nilikwenda kuwaona, na mjomba akaniomba tushuke pamoja kwenye nyumba ya pampu achukue vitu vyake. Alitembea vizuri, akanitangulia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya, umezungushwa mara nyingi kwa utaratibu. Ndani nilitarajia takataka za mtu mgonjwa. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Majivu yalikuwa yamezolewa kutoka mekoni. Kitanda cha mabua kilikuwa kimebomolewa na mabua yake kusimamishwa ukutani, na katikati ya chumba palikuwa na mzigo mmoja, blanketi iliyofungwa kwa kamba, vikiwa juu yake sufuria na panga.

Nilielewa kwamba hakuna mtu aliyeingia humo tangu asubuhi ile, na kwamba mzigo ulifungwa kabla mimi sijakohoa.

"Mjomba," nikasema, "ulikuwa umefunga mzigo. Ulikuwa unaenda wapi?"

Alikuwa ameshauweka begani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si aliita?" akasema, akatoka nje.